Maswali na Majibu: Je, Kaka Yangu Atundike Glovu?

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu kutoka Nyanda za Juu Kusini zinahusu mabondia wa uzito wa juu waliopoteza mapambano na ambao sasa wanaambiwa, au wanapaswa kuambiwa, kwamba muda wao umekwisha. Nimeona ni heri nizijibu pamoja, nikianza na ile iliyonikosesha usingizi.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya, na nina umri wa miaka 33. Kaka yangu ni bondia wa ngumi za kulipwa wa uzito wa juu. Mwezi wa nne alitimiza miaka 41, na uzito wake ni kilo 106. Mchana anapakia viazi kwenye malori, lumbesa baada ya lumbesa, na jioni anakwenda mazoezini. Tangu nilipokuwa kidato cha pili mimi ndiye ninayekaa kwenye kona yake: ninashika ndoo, ninampa maji na kumfuta damu.

Amepoteza mapambano matatu mfululizo. La kwanza alishindwa kwa pointi, na hata mimi niliona kwamba majaji hawakukosea. La pili mwamuzi alilisimamisha katika raundi ya tano, kaka akiwa bado amesimama lakini mikono imeshuka. La tatu, wiki sita zilizopita, alipigwa konde moja la kulia katika raundi ya pili, akaanguka kifudifudi na kuhesabiwa hadi kumi bila kuinua kichwa. Tulipofika chumba cha kubadilishia nguo aliniuliza, “Tunaingia ulingoni saa ngapi?” Nikamwambia pambano limekwisha. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza tena. Aliniuliza mara nne.

Tangu siku hiyo kichwa kinamuuma kila asubuhi. Juzi alimlipa mwenye duka noti ya elfu kumi, akapokea chenji yake, na kabla hatujaondoka akatoa noti nyingine ili alipe tena sukari ile ile. Mwenye duka, Mungu ambariki, alimrudishia. Zamani kaka alikuwa mtu wa utani, lakini sasa mtoto akiangusha sufuria anafoka mpaka majirani wanachungulia.

Promota mmoja amempigia simu. Anataka kaka apigane nje ya nchi mwezi ujao na kijana wa miaka 24 ambaye hajawahi kupoteza, kwa malipo ya shilingi milioni mbili. Kaka amekubali. Anasema wapo mabondia waliotwaa ubingwa wa dunia wakiwa na umri mkubwa kuliko wake, na kwamba mwanamume haondoki ulingoni akiwa amelala. Mama anaogopa kumwambia. Shemeji anasema niseme mimi kwa kuwa ndiye ninayekaa kwenye kona. Lakini mimi ni mdogo wake, na ada yangu ya shule aliilipa kwa fedha za ngumi. Je, ni haki kumwambia aache? Na kama ni haki, nianzie wapi?

Mdogo wa bondia, Uyole

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Siku barua yako ilipofika nilikutumia ujumbe kwenye namba uliyoiandika, kwa sababu ndani yake limo jambo lisiloweza kusubiri gazeti lichapishwe. Nalirudia hapa kwa faida ya wengine.

Mtu aliyeangushwa kwa konde la kichwa, ambaye wiki sita baadaye bado anaumwa kichwa kila asubuhi na kusahau kwamba amekwisha kulipa, anapaswa kuonwa na daktari kabla ya jambo lingine lolote kuzungumzwa. Ubongo umezungukwa na mishipa midogo ya damu inayouunganisha na utando ulio chini ya fuvu. Kichwa kinapotikiswa kwa nguvu, mishipa hiyo inaweza kuchanika, na damu inaweza kuvuja polepole kwa siku au hata wiki kadhaa bila mgonjwa kuanguka wala kupoteza fahamu. Hatari hiyo huongezeka kadiri umri unavyosonga, kwa maana ubongo hupungua ukubwa kidogo kidogo na kuifanya mishipa hiyo ivutike. Mpeleke katika hospitali ya rufaa, na usimwambie daktari kwamba “anaumwa kichwa” tu. Mwambie kwamba ni bondia, umpe tarehe za mapambano yote matatu na jinsi kila moja lilivyokwisha, umweleze habari ya noti ya elfu kumi, kisha uulize kuhusu kipimo cha CT-Scan au MRI cha kichwa. Wakati mnasubiri, asimeze aspirini wala dawa nyingine za maumivu za aina hiyo bila kuulizia, kwa kuwa huzuia damu kuganda. Akianza kutapika, akilala usingizi usio wa kawaida, akidhoofika upande mmoja wa mwili, akipata degedege, au mboni ya jicho moja ikionekana kubwa kuliko ya pili, msingoje kupambazuke.

Sasa nijibu ulichouliza. Ndiyo, ni haki kumwambia aache, na kwa maelezo uliyonipa mimi ninaamini kwamba anapaswa kuacha sasa, kabla ya pambano hilo la mwezi ujao na wala si baada yake.

Ningependa uelewe kwa nini ninasema hivyo, maana sababu yangu si ile ambayo watu wa mtaani watakupa. Watakwambia kwamba amepoteza mara tatu, au kwamba amefikisha miaka 41. Kupoteza mara tatu peke yake hakumfanyi mtu astaafu, na miaka 41, katika uzito wa juu ambako mabondia hukomaa wakiwa wamechelewa, haimfungii mtu mlango. Kinachonitisha ni namna alivyopoteza. Yapange mapambano hayo matatu kama yalivyofuatana: la kwanza alipigwa lakini akamaliza raundi zote; la pili alipigwa mpaka mwamuzi akaingilia kati; la tatu konde moja tu lilitosha, tena mapema. Huo si mkosi uliojirudia, bali ni mwili unaotoa taarifa ile ile kwa sauti inayopanda kila mara.

Watu waliokaa sana kwenye kumbi za mazoezi wanajua kwamba miguu ya bondia ndiyo hutangulia kuondoka, ikifuatwa na wepesi wa kuliona konde likija na kulikwepa, na kwamba nguvu ya ngumi ndiyo hubaki mpaka mwisho. Hapo ndipo wanaume wengi wazuri walipodanganyika. Nina hakika kwamba kaka yako akilipiga gunia la mazoezi jioni, mnyororo unalia na vijana wanageuka kutazama, naye anasikia mlio ule ule aliousikia akiwa na miaka 25. Gunia haliwezi kumwonyesha kwamba konde analolikwepa leo angelikwepa zamani kwa nusu ya muda. Tena katika uzito wake hakuna anayemkinga kwa mizani: uzito wa juu unaanzia pale kilo 90.7 zinapopitwa, na kwa desturi hauna kikomo upande wa juu, kwa hiyo kijana huyo wa miaka 24 anaweza kuwa na kilo 120 na akawa ndani ya kanuni kabisa.

Kuhusu ubongo wenyewe, mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika katika jarida la kitabibu juu ya mabondia waliozoea kupigwa sana kichwani: mwendo wa kuyumba, ulimi mzito, akili inayochelewa. Leo wataalamu wanajua mengi zaidi. Wanajua kwamba mtu aliyekwisha kupata mtikisiko wa ubongo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata mwingine. Wanajua pia kwamba madhara ya muda mrefu hayaletwi na yale makonde yanayomwangusha mtu mbele ya watazamaji pekee, bali pia na maelfu ya makonde madogo ya mazoezini ambayo hakuna anayeyahesabu. Usahaulifu na hasira ya ghafla ni miongoni mwa dalili zinazotajwa, na wewe umeziandika zote mbili bila mtu yeyote kukuuliza. Simtolei kaka yako hukumu ya kitabibu. Hiyo ni kazi ya daktari. Ninachosema ni kwamba mwenye dalili hizo haongezewi makonde.

Miaka iliyopita, nilipokuwa nikiandika habari za ngumi, nilikuwa ninakunywa chai na bondia mmoja mstaafu aliyekuwa akiuza mitumba Mwanjelwa. Alikuwa ananisimulia pambano lake moja la ujanani, raundi kwa raundi, mpaka rangi ya bukta ya mpinzani wake. Huku akisimulia aliweka sukari vijiko viwili katika kikombe chake, akakoroga, akaweka viwili tena, akakoroga, akaweka viwili tena. Muuza chai alikuwa amekwisha kumzoea. Alikuja taratibu, akaibeba kopo ya sukari bila kusema neno, akampelekea kikombe kingine. Nilipoisoma habari ya noti yako ya elfu kumi, nilimkumbuka mzee yule na mikono yake mikubwa.

Kaka yako anataja mabondia wakubwa wa dunia, na ni vizuri kuwataja, ila tuwataje mpaka mwisho wa habari zao. Muhammad Ali alimwangusha George Foreman, bingwa wa dunia wa wakati huo, mjini Kinshasa mwezi wa Oktoba 1974, katika raundi ya nane, na Afrika nzima ikashangilia. Mwezi wa Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alirudi ulingoni kupambana na Larry Holmes, mtu aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Siku ile Ali hakuwa na miguu wala mikono. Alipokea makonde raundi baada ya raundi, na baada ya raundi ya kumi mkufunzi wake, Angelo Dundee, aliamua kwamba hatoki tena kwenye kona. Ungedhani kwamba hapo angekoma. Mwezi wa Desemba 1981, akikaribia kutimiza miaka 40, alipigana tena Nassau, katika visiwa vya Bahamas, akashindwa kwa pointi na Trevor Berbick, na ndipo alipoacha. Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili. Sisemi kwamba ngumi ndizo zilizouleta, kwa kuwa jambo hilo limebishaniwa na madaktari kwa miaka mingi. Ninalotaka ulione ni hili: mtu aliyeijua ngumi kuliko karibu wote waliowahi kuvaa glovu hakuweza kujiona mwenyewe, na aliyemwona ni mtu aliyekuwa kwenye kona, mahali unapokaa wewe.

Na hilo la kwamba mwanamume haondoki ulingoni akiwa amelala, mpe habari za Wladimir Klitschko, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Tarehe 29 Aprili 2017, akiwa na miaka 41 kama kaka yako, alipigana na Anthony Joshua katika uwanja wa Wembley, London. Alimwangusha Joshua katika raundi ya sita, akaangushwa yeye, na mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ya 11. Alikuwa na nafasi ya kupigana naye kwa mara ya pili, kwa fedha ambazo mimi na wewe hatuwezi kuzihesabu. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo alitangaza kwamba anastaafu. Pambano lake la mwisho alilipoteza, tena kwa kusimamishwa, na hadi leo hakuna anayelitaja jina lake kwa dharau.

Tuje kwenye milioni mbili, kwa maana najua kwamba fedha ndiyo inayozungumza ndani ya nyumba hiyo hata pale inapojificha nyuma ya neno heshima. Joe Louis, aliyekuwa bingwa wa dunia kwa karibu miaka 12, alirudi ulingoni kwa sababu alikuwa akidaiwa kodi, na mwezi wa Oktoba 1951, akiwa na miaka 37, Rocky Marciano alimtupa nje ya kamba katika raundi ya nane. Deni halikuisha. Kaa na kaka yako na shemeji yako mwandike kwenye karatasi: fungu la mkufunzi, chakula cha mazoezi kwa wiki hizo, siku ambazo hatapakia viazi, nauli na malazi ambayo promota hajayataja. Mkishaondoa hayo yote, andikeni kinachobaki, kisha muulize kwenye dirisha la hospitali bei ya kipimo kimoja cha kichwa. Sitaki kukuwekea jumla. Naamini karatasi itazungumza nanyi vizuri zaidi.

Ulizeni pia kwa nini promota huyo amempigia simu mtu aliyeangushwa wiki sita zilizopita. Kijana wa miaka 24 asiyepoteza anahitaji jina linalofahamika katika rekodi yake, na jina linalopatikana kwa bei nafuu ni la mtu mzima anayeporomoka. Katika nchi nyingi bondia aliyepigwa KO, yaani aliyeangushwa akashindwa kuinuka kabla ya kuhesabiwa kumi, hufungiwa kwa wiki kadhaa, na mara nyingi haruhusiwi kurudi bila kibali cha daktari. Kwa hiyo mwombe promota, kwa adabu na kwa maandishi, akuonyeshe ruhusa ya kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa hapa nchini, pamoja na cheti cha daktari anachokihitaji kabla ya kaka yako kusafiri. Promota mwenye nia njema hatakasirika, na asiyekuwa nayo utamjua kwa jinsi atakavyokujibu.

Nimefika pale ulipouliza uanzie wapi. Usimwambie kwamba amezeeka. Usimwambie mbele ya watoto, wala ukumbini mbele ya vijana wanaomwamkia. Mtafute kwanza mkufunzi aliyemfundisha ngumi akiwa kijana, na mjomba wenu mmoja mwenye kauli, waende kwake jioni baada ya majibu ya hospitali kupatikana, shemeji yako akiwepo. Wao waseme neno “acha”, kwa kuwa umri wao unawaruhusu. Neno lako wewe liwe jingine, na hilo hakuna mila inayomkataza mdogo kulisema: “Kaka, mimi sitashika tena ndoo.” Humwambii yeye aache, unamwambia kwamba wewe umeacha. Mwambie uliulizwa mara nne saa ya kuingia ulingoni, na kwamba huwezi kukaa tena chini ya kamba ukisubiri kuulizwa mara ya tano. Anaweza kukasirika, pengine kwa wiki nzima. Mvumilie, uendelee kwenda kwake asubuhi, umsalimu, ukae. Ada aliyokulipia ulikuwa ukiirudisha kwa kushika ndoo. Sasa irudishe kwa kuiweka chini.

Na msimwache aondoke kimya kimya kama mtu aliyefukuzwa kazi. Yakiandaliwa mapambano hapo Mbeya, mwombeni mwandaaji ampandishe ulingoni kwa dakika tano akiwa amevaa suti, atajwe mapambano yake, apeane mikono na vijana, aage. Mabondia chipukizi wa uzito wa juu huteseka kumpata mtu mwenye mwili wa kuwashikia pedi, yaani vile vimto vya mkononi vya kupigia makonde ya mazoezi, na kilo 106 za kaka yako ni mali katika ukumbi wowote wa mazoezi. Awashikie pedi na kuwafundisha kusogeza miguu, ila asivae glovu kupigana nao hata raundi moja ya mazoezi.

SWALI: Kamwene, ndugu Mjibu. Mimi ni mwalimu wa ngumi Kihesa, Iringa. Bondia wangu wa uzito wa juu ana miaka 35. Amepoteza mapambano mawili yaliyopita: moja kwa pointi zilizogawanyika, yaani majaji hawakukubaliana wote, jingine kwa kuchanika juu ya jicho katika raundi ya tatu. Watu wanataka aache, nami ninapinga. Foreman si alikuwa bingwa akiwa na miaka 45?

Mwalimu, Kihesa

JIBU: Kamwene, mwalimu. Ninakubaliana nawe kuhusu bondia wako, lakini si kwa sababu ya Foreman.

Nitakupa mfano unaokufaa zaidi. Mwezi wa Aprili 2001 Lennox Lewis, bingwa wa dunia mwenye umri wa miaka 35, alipigana na Hasim Rahman huko Brakpan, karibu na Johannesburg, akapigwa KO katika raundi ya tano. Wengi walimzika siku hiyo. Lakini kushindwa kule kulikuwa na sababu zilizoonekana: alikuwa na uzito mkubwa kuliko kawaida yake, na alifika katika nchi ya juu, mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari, muda mfupi tu kabla ya pambano. Wewe unayewakimbiza vijana katika milima ya Iringa huhitaji kuelezwa mgeni kutoka pwani anavyohema wiki yake ya kwanza. Sababu hizo zilirekebishika. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo alimwangusha Rahman katika raundi ya nne, mwaka uliofuata akampiga Mike Tyson, na mwezi wa Februari 2004 akastaafu akiwa bingwa, na akili zake timamu.

Basi kila bondia anapopoteza, jiulize kama kilichompotezea kinaweza kurekebishwa. Ngozi iliyochanika hupona ikipewa muda wa kutosha. Mpe muda huo, usimrudishe kovu likiwa bichi. Pointi zilizogawanyika zinaweza kubadilika kwa mazoezi ya pumzi na kwa kurusha makonde mengi zaidi. Lakini ukianza kumwona anapigwa makonde ambayo mwaka juzi alikuwa akiyakwepa, tena na vijana wa mazoezini wasio na jina, hapo hakuna mazoezi ya kurudisha. Wewe utaliona hilo mwaka mzima kabla ya watazamaji kuliona, na ninakusihi usilifiche kwa kuwa unampenda.

Kuhusu Foreman, ni kweli kwamba tarehe 5 Novemba 1994 alimwangusha Michael Moorer, bingwa wa wakati huo, katika raundi ya kumi, akiwa na miaka 45 na akiwa nyuma kwa pointi. Kinachosahaulika ni kwamba aliacha ngumi mwaka 1977 na kukaa nje miaka kumi, akihubiri, bila kupigwa kichwani na mtu yeyote, na kwamba aliporudi alipigana miaka saba kabla ya kuufikia usiku ule. Bondia anayetoka kupoteza mwezi wa sita na kurudi mwezi wa nane asijifananishe naye.

SWALI: Mume wangu aliacha ngumi miaka miwili iliyopita baada ya kupoteza mapambano mawili. Nilidhani tutapumzika. Sasa anakaa sebuleni akitazama mapambano yake ya zamani kwenye simu, hasemi, na pombe imeongezeka. Wakati mwingine ninajilaumu kwamba ningemwacha aendelee.

Mama wa watoto wawili, Njombe

JIBU: Pole sana, mama, na usijilaumu. Mtu aliyeamka saa kumi na moja kwenye baridi ya Njombe kwa miaka 15 ili akimbie, akiwa na sababu ya kukimbia, hawezi kuambiwa sababu hiyo imekwisha na akaendelea kama kawaida. Lakini huzuni na unyamavu kwa mtu aliyepigwa sana kichwani vinaweza pia kutoka kwenye ubongo wenyewe, kwa hiyo aonane na daktari, na daktari aambiwe kuhusu ngumi na kuhusu pombe, yote mawili. Pombe itamzidishia kila tatizo kati ya hayo. Mwombe arudie kukimbia alfajiri, mwili wake unauhitaji huo mwendo; na kama ana mtoto wa umri wa kutosha, akimbie naye.

Simu usimnyang'anye. Siku moja kaa karibu naye, umuulize huyo anayepigana naye ni nani na ilikuwa raundi ya ngapi. Akikubali kusimulia, mwambie aniandikie. Nitafurahi sana kuisoma barua yake mwenyewe.